Mama Mdogo, Vioo vya Rangi na Mipaka ya Nyumba

Kwa mama mdogo huingii chumba cha nyuma na kikombe cha chai. Uwe paroko, uwe mteja mkubwa aliyetoka Arusha, uwe mjukuu anayempenda kuliko wote, kikombe kinabaki sebuleni, kandambili unavua mlangoni na kuvaa zile za chumbani. Wageni wengine huona ni ukali wa mwalimu mstaafu. Mimi niliyeishi naye na kumwekea hesabu tangu alipoanza kuuza kazi zake naamini kwamba kanuni hiyo ya kikombe ndiyo iliyoisimamisha biashara yake. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tumeviona vioo vya rangi makanisani bila kujua vinaunganishwaje.

Mama mdogo alifundisha kemia sekondari mpaka alipostaafu, na anaishi Moshi, mtaa wa Soweto. Vioo hivi alivipenda tangu ujana, alipokuwa akisali Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, lile lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, ambalo nyuma ya altare lina madirisha yanayowaka rangi. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba ni kitu anachoweza kukifanya mtu wa kawaida kwa mikono yake. Aliyemfungulia njia ni binti yake anayefanya kazi Nairobi. Alimpeleka Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kwenye karakana iliyoanzishwa na msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze. Mama mdogo aliona pale vioo vya madirisha yaliyovunjika vikiyeyushwa na kuzaliwa upya, akaona kuta na njia za miguu zimejaa vigae vya rangi, na zaidi ya yote akaona vijana wa Kiafrika wameinama mezani wakifanya kazi ile bila makuu. Hapo hapo akaulizia nani anaweza kumfundisha. Akapatikana fundi mmoja jijini, mtulivu, ambaye alimpokea kama mwanafunzi kila alipokwenda kumsalimia binti yake.

Njia aliyofundishwa ni ya utepe wa shaba. Unachora mchoro kwa ukubwa kamili, unaugawa vipande, unavipa namba, kisha unatoa nakala mbili: moja inabaki mezani kama ramani, nyingine unaikata vipande na kuvibandika juu ya kioo. Kila kipande kikishakatwa, kingo zake husagwa kwa mashine ndogo yenye kichwa cha unga wa almasi na sifongo la maji, halafu huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi upande mmoja, upana wake milimita 5 na kidogo. Vipande vyote vikishapangwa juu ya mchoro unapaka dawa ya kulehemia, unashika chuma cha moto na waya wa lehemu, na shaba ya kipande kimoja inaungana na ya jirani yake. Kioo chenyewe hakishiki lehemu, shaba ndiyo inayoshika. Ndiyo maana utepe ukibandikwa upande mmoja ukazidi na mwingine ukapungua, kasoro hiyo itakuwa mbele ya macho yako milele, kwa sababu lehemu inafuata shaba ilipo.

Nimekaa mara nyingi pembeni nikimtazama akikata. Anachovya ncha ya kikatio kwenye mafuta ya taa. Anasimama, kwa sababu nguvu inatakiwa itoke begani, kiganja kikiwa kinaongoza tu. Anaanzia ukingo mmoja wa kioo na kutokea ukingo wa pili bila kuinua mkono. Mstari mzuri unasikika: sauti nyembamba, moja, kama kitambaa kipya kinachochanwa taratibu. Harudii mstari hata akiona una walakini, maana kupita mara ya pili kunaharibu gurudumu la kikatio na kuufanya mpasuko ukimbilie unakotaka wenyewe. Kisha analeta koleo lenye mdomo mpana, anaweka katikati ya mdomo ule juu ya mstari, anabana kidogo, na kioo kinaachana. Mkunjo unaoingia ndani sana hauvunjiki kwa mara moja. Anaumega kidogo kidogo, kipande chembamba baada ya kipande chembamba, mpaka ufike kwenye mchoro. Mtu mwenye haraka hawezi kazi hii, na mtu mwenye woga vilevile haiwezi, kwa kuwa mkono unaosita katikati ya mstari ndio unaovunja kioo.

Kuhusu rangi, hapo mwalimu wa kemia anarudi darasani, na mimi humwacha aseme. Buluu ya kina inatokana na kobalti. Kijani cha chupa ni chuma au kromiamu. Kahawia ya chupa ni chuma ikishirikiana na salfa. Nyekundu kali na machungwa mara nyingi ni seleniamu pamoja na kadimiamu, na ile waridi nzito ya thamani inapatikana kwa dhahabu, kiasi kidogo mno kilichotawanyika ndani ya kioo. Elimu hii ina faida ya mfukoni. Mteja akiuliza kwa nini ua jekundu linazidi bei ua la buluu la ukubwa uleule, jibu liko ndani ya kioo chenyewe, na mama mdogo hulitoa kwa subira ileile aliyokuwa nayo mbele ya ubao.

Kioo cha rangi kilicho bapa kama karatasi, kile chenye unene wa milimita 3 hivi, hatukipati madukani Moshi. Anakiagiza kutoka nje kupitia Nairobi, kinasafiri kwa basi kimefungwa katikati ya mbao, na kila kinapofika tunakifungua tukiwa tumeshika pumzi. Kwa sababu hiyo amejifunza kuchanganya. Kwa mafundi vioo wa mjini anachukua mabaki ya kioo cha maua, kile kinachowekwa madirisha ya vyoo na mabafu, ambacho kikiwekwa kwenye mchoro kinatoa maji, mawingu, au mvua kwenye majani ya mgomba. Theluji ya Kilimanjaro ameitengeneza kwa miaka kutokana na vifuniko vya taa za zamani vya kioo cheupe kama maziwa. Chupa nazo ananunua kwa watoto wa mtaani kwetu. Anaichora chupa mstari kuizunguka, anaimwagia maji ya moto halafu ya baridi kwa zamu mpaka iachane, akisaga ukingo anapata kitako cha duara kilichotuna katikati. Kikizungushiwa shaba kinakuwa moyo wa alizeti. Hizo alizeti ndizo zilizomtambulisha mjini kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kikombe.

Waya wa lehemu anaoutumia zaidi una sehemu 60 za stani, yaani bati, na 40 za madini ya risasi. Mchanganyiko huo unayeyuka wote kwenye nyuzi 190 hivi za sentigredi, wakati risasi tupu inahitaji 327, na unatiririka vizuri, unaacha mgongo laini uliotuna kati ya kipande na kipande. Ni mzuri, na una sumu. Watu wengi wanaoingia chumbani huogopa moshi. Moshi ule kwa sehemu kubwa unatokana na dawa ya kulehemia. Unawasha macho na koo, na kwa ajili yake kuna feni dirishani inayouvuta nje. Lakini kwenye joto la kulehemu risasi yenyewe haigeuki mvuke kiasi cha kutisha. Inaingia mwilini kwa njia ya mkono: umeshika waya, umeshika kitambaa cha kufutia, umeshika andazi. Inaingia kwa vumbi lililong'ang'ania nguo na nyayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Mwanzoni kazi zilikuwa zikifanyika kwenye meza ya chakula, akiwa peke yake nyumbani, mchana. Mjukuu wake alipoletwa kuishi naye, mtoto wa kutambaa anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni, meza ile ilisuguliwa na kupakwa vanishi upya, na store ya mahindi ya nyuma ikageuzwa chumba cha vioo. Aliweka kanuni ambazo hazijabadilika. Hakuna kula wala kunywa ndani. Sakafu haifagiwi ikiwa kavu, inapigwa deki kwa kitambaa kibichi, ili vumbi la kioo na risasi lisiruke. Kuna koti la kazi linalofuliwa kwenye beseni lake, mbali na nguo za nyumbani. Kuna karai na sabuni mlangoni, na mikono inaoshwa mpaka kwenye viwiko kabla ya kushika kitasa cha jikoni. Vitu vitakavyoshikwashikwa na watoto au kuvaliwa, kama hereni na vifungo vya funguo, anavilehemu kwa waya usio na risasi, ingawa ni ghali na hautiririki kwa urahisi.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike haya. Chumba kilipopata mpaka wake, mambo mengine nayo yalianza kudai mipaka, na mama mdogo, ambaye tayari alishazoea kusema "hapana, kikombe kibaki huko", alikuta ana nguvu ya kusema hapana zingine.

Ya kwanza ilikuwa kwa ndugu, na naitaja kwanza kwa kuwa ndiyo nzito. Kwetu mtu akijua kufanya kitu kizuri, ukoo mzima unajua. Kila harusi, kila komunyo ya kwanza, kila aliyehamia nyumba mpya, simu inalia: mama, nitengenezee kitu kidogo. Na kitu kidogo hakipo. Kioo kimenunuliwa, utepe umenunuliwa, macho ya mtu wa umri ule yametumika. Nakumbuka siku mjomba mkubwa alipokuja kutaka kipande cha juu ya mlango cha nyumba yake ya Marangu, akakaa, akanywa chai, akasema, "Dada, kati yetu tena tutaongelea hela?"

"Kaka," mama mdogo akamwambia kwa upole, "kahawa yako ukinipa kilo nitashukuru, kwa sababu ni zawadi. Nikitaka gunia nikauze, utanipa bure?"

Mjomba alicheka, akafikiri, akauliza bei. Tangu hapo utaratibu ukajulikana: kila mtoto wa ukoo anapata zawadi moja siku ya harusi yake, mama anachagua mwenyewe atengeneze nini, na anaitengeneza kwa moyo wote. Kinachozidi hapo ni oda kama oda nyingine. Wapo walionuna. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi zawadi zilivyopata heshima mpya zilipopungua. Zamani zilikuwa zikiegemezwa nyuma ya makabati. Sasa zinatundikwa dirishani.

Mpaka mwingine ulikuwa wa fedha, na huu niliusimamia mimi. Tulifungua laini ya simu ya peke yake, ya malipo ya wateja na manunuzi ya kazi tu. Hela ya sukari haitoki huko. Akihitaji, anaandikiwa mshahara kwenye daftari, hata uwe mdogo, halafu hela inahamia kwenye laini yake ya nyumbani. Mama mdogo alisema inamchosha, ikamchosha kweli kwa muda, lakini ilituonyesha kitu ambacho macho hayakiwezi: kazi ipi inalisha na ipi inakula. Wakati mteja analipa na hela inaingia moja kwa moja kwenye dengu na luku, kila kazi inaonekana ina faida.

Nieleze kuhusu bei, kwa kuwa hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na akina mama wanaofanya kazi za mikono. Wateja wa vioo huuliza bei kwa ukubwa, kwa sababu ndivyo fundi vioo wa kawaida anavyouza: upana mara urefu. Kwa kazi hii ukubwa unadanganya. Chukua vipande viwili vya ukutani, vyote sentimita 30 kwa 40. Kimoja kina mlima, anga na shamba, vipande 15. Cha pili kina ndege chozi kwenye maua, manyoya kwa manyoya, vipande 70. Kioo kilichotumika kinakaribiana. Lakini kila kipande kinahitaji kuchorwa, kukatwa, kusagwa, kuoshwa, kuzungushiwa utepe na kulehemiwa mbele na nyuma, na kadiri vipande vinavyoongezeka ndivyo urefu wa kingo unavyoongezeka, utepe na lehemu vikiongezeka pamoja nao. Kwa hiyo sisi tunahesabu vipande. Kuna bei ya kipande kimoja, inapanda kwa kipande chenye mkunjo wa ndani, inapanda kwa kioo cha nyekundu na waridi, halafu fremu, halafu usafiri. Mteja akisema bei ni kubwa hatupunguzi bei, tunapunguza vipande. Mama mdogo huchukua penseli mbele yake na kuunganisha mawingu matatu kuwa moja. Mara nyingi mchoro unakuwa mzuri kuliko ulivyokuwa. Tulipohudhuria mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, mwalimu aliutumia mfano wetu kwa washonaji na wasusi waliokuwepo, na nao wakaanza kuhesabu vyao.

Oda iliyotufundisha kuhusu malipo ya awali ilikuwa ya hoteli moja ya watalii, na sitaitaja jina. Walitaka kipande kikubwa cha mlango wa mapokezi, wakatutumia vipimo kwa simu, wakaidhinisha mchoro wa twiga kwa maneno matupu. Kioo kikakatwa. Kisha meneja akabadilika, na mpya hakutaka twiga, alitaka mbuyu. Kioo kilichokatwa shingo ya twiga hakiwi mbuyu. Hata vipimo vyenyewe, nilipokwenda baadaye kupima, vilikuwa vya fremu ya zamani iliyokwisha kung'olewa. Tangu wakati ule hakuna kikatio kinachogusa kioo kabla ya nusu ya malipo kuingia na mteja kutia sahihi juu ya mchoro wenyewe. Na kupima tunakwenda wenyewe. Upana unapimwa juu, katikati na chini, urefu unapimwa kushoto, katikati na kulia, kwa sababu fremu chache sana zimenyooka. Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, unapunguza milimita 3 ili kioo kipate nafasi ya kupumua wakati wa joto. Ni utaratibu unaoweza kuonekana wa kupoteza muda kwa safari ya Karatu na kurudi, lakini kipande kilichozidi milimita mbili hakiingii, na hakuna namna ya kukipiga randa.

Wapo waliomwambia mama kwamba kazi ya moto na risasi ni ya wanaume, na umri wake ni wa kulea wajukuu. Jibu lake ni hadithi ya kweli ninayoipenda mno. Huko New York, Louis Comfort Tiffany, ambaye taa zake za vioo vya rangi zinajulikana dunia nzima, alianzisha mwaka 1892 idara ya wanawake ya kukata vioo. Idara hiyo iliongozwa na Clara Driscoll, na barua alizokuwa akiwaandikia ndugu zake, ambazo zilikuja kuchunguzwa karibu miaka mia moja baadaye, zilionyesha kwamba taa nyingi zilizovuma kwa jina la Tiffany zilikuwa ubunifu wake na wa wasichana wake. Kuna jambo moja zaidi ndani yake linalomuuma mama: sheria ya kampuni ilikuwa kwamba mwanamke akiolewa, kazi inaisha. "Wale walilazimishwa kuchagua nyumba au karakana," huniambia. "Mimi nimepata vyote viwili chini ya paa moja. Siwezi kuvichezea." Ameifunga picha ya taa ya kereng'ende, mojawapo ya kazi zinazohusishwa na Driscoll, juu ya meza ya kukatia.

Kisha likaja kanisa. Kigango kimoja huko mlimani kilikuwa kinamalizia jengo jipya, na kamati ya ujenzi ikaomba madirisha matatu marefu nyuma ya altare. Utepe wa shaba hautoshi kwa dirisha la nje lenye ukubwa ule. Ilibidi arudi kwa fundi wake Nairobi kujifunza njia kongwe, ile ya mifereji ya risasi, ambayo ndiyo iliyojenga madirisha ya makanisa ya Ulaya tangu zama za kati. Mfereji wa risasi ukiukata na kuutazama kichwani unafanana na herufi H: kioo cha kushoto kinaingia huku, cha kulia kule, na katikati kuna ukuta mwembamba wa milimita 2 hivi ambao lazima uukatie hesabu kwenye mchoro, la sivyo dirisha zima linakua mezani bila wewe kujua. Maungio yanalehemiwa, halafu puti laini inasuguliwa kwa brashi chini ya midomo ya risasi ili maji yasipite na kioo kisicheze.

Mama alichokihofia zaidi ni uzito na upepo. Kioo cha milimita 3 peke yake kina kilo 7 na nusu kwa mita moja ya mraba, na risasi inaongeza juu yake. Risasi ni laini. Dirisha kubwa lisiloshikiliwa linaanza kutuna tumbo kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kila dirisha liligawanywa sehemu zinazobebeka na watu wawili, zikapumzishwa juu ya fito za chuma zilizopitishwa kwenye fremu, na waya za shaba zikafungwa kutoka kwenye kioo kwenda kwenye fito. Fremu alizitengeneza fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, kwa vipimo tulivyokwenda kuchukua pamoja naye. Mwenyekiti wa kamati alitaka fito zifichwe kwa kuwa zinakata picha. Mama mdogo alikataa, ila alikaa na mchoro wake usiku ule akaupanga upya, fito moja ikapita kwenye mstari wa vilima, nyingine chini ya mikono ya Bikira Maria. Leo ukiwa umepiga magoti pale huzioni. Hiyo kwangu ndiyo kazi yake bora, na si kwa sababu ya rangi.

Kazi ya kanisa ililazimisha kuajiri. Aliajiriwa binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mkono mtulivu, na hapo chumba cha nyuma kikawa kidogo. Mifereji ya risasi, mbao za kupangia, vioo vimesimama ukutani kwenye vibanda vyake. Watu wengi wakamshauri mama achukue fremu ya duka mjini, karibu na stendi, wapita njia wamwone. Tulikaa na daftari. Wateja wake hawaji kwa kupita njia. Wanakuja kwa kuambiwa na mtu aliyekwisha kununua, au kwa picha walizoziona kwenye simu. Kodi ya fremu ingekula mshahara wa yule binti. Akajenga banda la matofali nyuma ya nyumba, lenye dirisha pana, maana rangi huchaguliwa mchana, kipande kikiinuliwa kwenye mwanga wa jua. Chini ya taa ya umeme buluu na zambarau zinakudanganya. Binti ana ufunguo wake, anaingia na kutoka bila kupita sebuleni. Umeme ukikatika wanakata na kubandika utepe, ukirudi wanalehemu.

Chumba cha zamani kilisuguliwa kuta na sakafu, kikapakwa rangi, na mama akaamua hakitahifadhi chakula tena. Kinakaa mabegi na viti vya sherehe.

Mwezi banda lilipokamilika nilipendekeza jambo ambalo mama mdogo alilikataa kwanza: biashara ilipie nyumba kodi. Ardhi ni yake, matofali kanunua yeye, akaona kujilipa kodi ni mchezo wa watoto. Nikamwomba tuliandike tu daftarini kwa miezi michache, hela ihame kweli kutoka laini moja kwenda nyingine. Baada ya kodi kuingia kwenye hesabu, vile vitu vidogo vya kuning'iniza dirishani, ndege na vipepeo na hata zile alizeti za vitako vya chupa, vikaonekana havijilipi. Vilikuwa vinabebwa na ukarimu wa nyumba miaka yote. Madirisha, milango na taa ndivyo vilivyokuwa vikilisha. Alisikitika kwa ajili ya alizeti kuliko alivyosikitikia hela. Sasa vitu vidogo hauzi. Vinatengenezwa na wanafunzi wanaokuja Jumamosi kujifunza, watatu watatu, wanaolipia somo na kioo, na kila mmoja anaondoka na alizeti aliyoikata mwenyewe.